Duara la Mwanga Lililomkimbia Mwenyekiti

Mwaka 1974 mtaa wa Katuba ulikuwa na wapiga picha wawili, na kilichowatenganisha ni jua. Mmoja aliligeuzia jua mgongo, akawapanga wateja walitazame, nao wakakunja macho na kubana meno mpaka kila bibi harusi akatoka na uso wa mtu aliyekanyaga mwiba. Picha hizo zilipendwa mno. Sura ilionekana, saa ya mkononi ilionekana, viatu vyote viwili vilionekana, na katika Lubumbashi mtu ambaye viatu vyake havionekani hakupigwa picha, ameibiwa.

Wa pili, Kapya, alifanya kinyume. Aliwageuza wateja wakalipa jua mgongo, akasimama yeye akilikodolea macho hadi pua ikamtoka maji, kisha akabonyeza. Kilichotoka kwenye karatasi kilikuwa mtu mwenye ukingo mweupe kuzunguka nywele na mabega, uso laini uliotulia, na juu yake madoa ya mwanga ya kila aina: vipete, maumbo yenye pembe, ukungu wa maziwa. Kapya aliyaita madoa hayo maua. Wateja waliyaita uharibifu.

"Sura yangu iko wapi?" aliuliza mama mmoja aliyekuwa amenunua kitenge kipya kwa ajili ya picha hiyo tu.

"Iko pale, mama. Angalia polepole, inatoka mu mwangaza."

"Mi nilikuya kulipa sura, hapana mwangaza. Mwangaza tuko nao ku nyumba, bule."

Akaiacha picha mezani, akavuka barabara hadi kwa yule mwingine. Msomaji anaweza kumhurumia Kapya, lakini asizidishe, maana alijitakia mwenyewe.

Hakuanza hivyo. Miaka kumi alipiga picha kama watu wote, kwa kamera ya kukunja, ile ambayo ukiifungua lenzi inatoka mbele juu ya kifuko cha ngozi chenye mikunjo. Kisha ikaja arusi moja mwishoni mwa 1973. Kapya alipanda juu ya meza ili ampate bibi harusi kutoka juu, meza ikakataa, na yeye na kamera wakatua ndani ya sufuria ya sombe. Kapya alipona. Mashine ilipona. Lenzi haikupona, na wageni waliokula mboga ile ya majani ya muhogo siku hiyo walitafuna kwa uangalifu mkubwa.

Majira hayo ndiyo maduka ya wageni yalikuwa yakikabidhiwa wananchi, na Mgiriki aliyewauzia wapiga picha wote filamu alikuwa akifunga masanduku yake. Alimhurumia Kapya, akampa lenzi ya zamani iliyokuwa imelala miaka mingi ndani ya kopo la tumbaku: kioo kinene chenye mapovu mawili madogo, kisicho na ule utando wa buluu ambao lenzi za siku hizi hupakwa ili mwanga usirukeruke ndani.

"Hii usionyeshe jua," Mgiriki alimwambia kwa Kiswahili chake cha miaka thelathini ya dukani. "Ikiona jua, inapata wazimu."

Lenzi ilikuwa ndogo kuliko tundu la kamera. Rafiki yake Kunda, fundi wa kuchonga vyuma katika karakana ya kampuni ya shaba, alimtengenezea pete ya kuishikilia, kutokana na kipande cha shaba alichosema alikiokota, na hakuna aliyemwuliza alikiokota wapi. Aliing'arisha nje na ndani kwa siku mbili mpaka ukaweza kunyolea ndevu mbele yake. Sasa, kila mpiga picha anajua kwamba ndani ya pete ya namna hiyo hupakwa rangi nyeusi, la sivyo mwanga unagonga kuta na kurudi. Kapya alijua. Lakini alimtazama Kunda akiigeuza pete kwa vidole viwili, ameridhika kama mama na kifungua mimba wake, na moyo wa kumwambia aipake masizi ukamkosa. Ule ni mji wa shaba. Mtu hapaki shaba masizi mbele ya aliyeing'arisha. Basi lenzi yenye wazimu ikaingia ndani ya pete inayong'aa, na vichaa wawili wakaanza kuishi nyumba moja.

Picha ya kwanza alimpiga mkewe, Albertine, akianika nguo jua likiwa nyuma yake. Kwenye kitambulisho Albertine alikuwa Mwansa, maana majina ya ubatizo yalikuwa yamepigwa marufuku, lakini marufuku hiyo haikuwahi kufika jikoni. Kapya alipoitoa picha ile kwenye dawa, ndani ya ghala la mkaa alilolifanya chumba cha giza, ilimbidi akae juu ya gunia. Mwanga ulikuwa umeyala mabega ya mkewe kidogo kidogo, na duara jeupe lilikuwa limeanguka karibu na ndoo.

Kitu cha namna hiyo alikiona mara moja tu maishani. Baba yake alifanya kazi kwenye tanuri la kuyeyushia shaba, na siku moja ya sherehe watoto wa kambi ya wafanyakazi waliruhusiwa kwenda kutazama kazi ya baba zao. Kapya mdogo alimwona baba amesimama mbele ya moto, hana uso, ni ukingo wa mwanga wenye umbo la baba. Mwaka uliofuata baba alikufa, na sura yake Kapya aliisahau, ila ule ukingo hakuusahau. Ndiyo maana alipoona picha ya mkewe alifurahi mpaka akaogopa.

"Njo miye huyu?" Albertine aliuliza, yaani ndiye mimi huyu.

"Njo weye."

"Na hii sahani?"

"Hapana sahani, Mama Bijou. Ni mwangaza."

Albertine aliitazama picha kwa muda. "Ni muzuri," alisema mwishowe. "Lakini Baba Bijou, bantu ba hapa hawatanunua. Na tena shuka zangu, usiziguse."

Alisema hivyo kwa sababu Kapya alikuwa amegundua kwamba ukimpiga mtu aliyelipa jua mgongo, uso wake unakuwa mweusi tititi, isipokuwa mtu mwingine asimame mbele yake na kitambaa cheupe cha kuurudishia mwanga. Kitambaa cheupe kikubwa nyumbani kilikuwa kimoja, nacho kilikuwa kitandani.

Mwezi wa sita mambo yakageuka. Kila ofisi ya mtaa ilitakiwa kutundika ukutani picha ya kamati yake ya Chama. Yule mpiga picha wa ng'ambo ya barabara alikuwa na malaria, hivyo mwenyekiti wa mtaa, citoyen Musonda, maana miaka ile kila mtu aliitwa citoyen, raia, akamwita Kapya shingo upande. Kapya aliapa mbele ya Albertine kwamba atapiga kama watu wote. Jua mgongoni, watu wakunje macho, basi.

Angeshika kiapo, lakini ukilipa jua mgongo mbele ya ofisi ile, kinachobaki nyuma ya kamati ni vyoo, milango minne yenye namba.

"Chama hakipigwe photo mbele ya choo," Musonda alisema. "Geuka."

Kapya akageuka. Alifanya nini zaidi? Mwenye nguvu mpishe. Kwa kuwa aligeuka, jua la karibu saa kumi na moja likawa mbele yake, juu kushoto, na lenzi ya Mgiriki ikaliona.

Kamati ilijipanga kwa desturi inayojulikana na kila mtu. Mkubwa huketi kwenye kiti cha mikono, katikati kabisa. Washauri husimama nyuma yake. Wadogo huchuchumaa mbele, na aliye mdogo kuliko wote huchuchumaa pembeni kabisa, mahali ambapo fremu ikikata mtu haitaleta kesi. Katikati alikaa Musonda, abacost yake, ile suti ya Chama isiyovaliwa tai, imefungwa vifungo hadi kooni. Pembeni kulia, chini kabisa, alichuchumaa Mama Honorine, mjumbe wa akina mama. Aliingizwa kwenye kamati kwa kuwa alipika munkoyo mtamu wa kunywa mikutanoni, na nyuma ya munkoyo wake, kila mtu alijua, kulikuwa na lutuku, pombe kali isiyokuwa na kibali. Wakati Kapya anabonyeza, Honorine alikuwa anatafuna karanga.

Picha ilipotoka, kamati nzima ilikuwa ndani ya ukungu kidogo, Musonda alikuwa kivuli chenye vifungo, na kuzunguka kichwa cha Honorine lilikaa duara la mwanga, kamili, jembamba, sawasawa na lile la Mtakatifu Anna kwenye ukuta wa parokia.

Kwa watu waliozaliwa kambini na kulelewa na katekismu, hilo halikuhitaji mfasiri. Kabla ya siku mbili kwisha, wanawake wawili walimpelekea Honorine watoto wenye kikohozi awashike vichwa. Dereva wa lori aliyekuwa anakwenda Kasumbalesa alimwomba aguse matairi, yote kumi, na la akiba. Honorine aliyagusa.

"Mi sijuwe kama niko mutakatifu," aliwaambia. "Lakini kunywa kwanza."

Hakuwahi kuuza vile tangu aanze biashara. Siku ya tatu Musonda akamwita Kapya ofisini. Picha ilikuwa mezani, imelazwa kifudifudi.

"Citoyen Kapya. Nani njo chef, njo mukubwa, wa hii mutaa?"

"Ni weye, chef."

"Alors, juu ya nini mwangaza uko ku muuza lutuku?"

"Chef, mwangaza haujuwe chef ni nani."

Kapya alijuta kabla sentensi haijaisha. Musonda alikiweka sawa kikombe chake, kisha akatoa hukumu. Jumanne ijayo mkaguzi wa Chama angekuja kutazama ofisi. Jumamosi, baada ya usafi wa mtaa, kamati ingepigwa upya, na duara liwe juu ya kichwa chake yeye, Musonda.

"Likikosa," alisema, "ile kamera italala hapa mu ofisi. Na haitaamka."

Wahenga wanasema ukubwa jalala. Jalala hili lilitaka na taa.

Kapya alirudi nyumbani. Bila kamera angekuwa mtu wa miaka arobaini na sita asiyejua kazi nyingine, na ghala la mkaa lisilo na mkaa. Jioni ileile, ndani ya chumba cha giza, alikitoa kipande cha filamu kilichobaki kwenye kamera, akabandika karatasi iliyopakwa mafuta mahali pa filamu ili aone picha kwa macho, akaijenga kamati uani kwa vyombo vya Albertine. Sufuria kubwa juu ya kiti ilikuwa Musonda. Vinu viwili vilikuwa washauri. Kichungio cha chini, kulia, kilikuwa Honorine. Alisogea hatua, akainama, akapiga magoti, akarudi nyuma mpaka akamkanyaga kuku.

Siku ya pili alipata kanuni. Duara na jua ni wake wenza: huyu akikaa kushoto, yule anahamia kulia, huyu akipanda juu, yule anashuka chini. Kukutana hawakutani. Ukitaka wakutane katikati, kichwa cha anayeketi katikati kinaliziba jua, na duara linakufa. Kwa hiyo mahali pekee ambapo duara lingekaa zima ni palepale chini, kulia, kwenye kichungio.

"Basi aweke kiti chake pale pembeni," Albertine alisema.

"Kiti ni kirefu. Duara linaangukia ku magoti."

"Mungoje jua lishuke."

"Likishuka, linaingia nyuma ya ukuta wa ofisi. Tulijaribu na sufuria."

Albertine alielewa mahali mumewe alipofika. "Anapashwa kuchutama," alisema taratibu. "Musonda. Chini. Ku fasi ya Mama Honorine."

"Njo vile."

"Na nani atamwambia?"

Alhamisi Kapya alijaribu. Alikwenda hadi mlangoni mwa ofisi, akamsalimu Musonda, akauliza hali ya mama yake mzee anayekaa Kamalondo, akauliza hali ya watoto wote saba mmoja mmoja, akauliza na hali ya baiskeli ya ofisi, akaaga, akarudi nyumbani. Ijumaa hakujaribu. Kumwambia mwenyekiti wa Chama, miaka ile, achuchumae mahali pa mtu wa mwisho, si jambo la kufanywa na mtu mwenye mke na watoto.

Aliyemwokoa ni Albertine, kwa njia ya bomba la maji. Palepale kwenye foleni ya ndoo alimsimulia Honorine habari yote, na Honorine akacheka hadi akaitua ndoo. Yeye alikuwa wa ukoo wa Samaki. Musonda alikuwa wa ukoo wa Mamba. Baina ya koo hizo mbili upo utani wa tangu mababu, mkali, wa kutukanana mchana kweupe, na sheria yake ni moja: anayekasirika ndiye aliyeshindwa. Samaki anaweza kumwambia Mamba neno ambalo mtu mwingine akilisema anafungwa.

Jumamosi kamati ilijipanga, mikono bado ina udongo wa mitaro. Kwenye kamera kilikuwa kimerudishwa kile kipande cha filamu, chenye nafasi ya picha moja ya mwisho. Duka la Mgiriki lilikuwa limeuzwa mpaka rafu zake, na filamu nyingine mjini haikujulikana ingetoka wapi. Albertine alisimama pembeni na shuka lake jeupe, amekunja uso, maana lilikuwa limefuliwa asubuhi ile. Musonda alikaa kwenye kiti cha mikono, akaweka viganja juu ya magoti. Jua lilikuwa linashuka. Kapya aliifuta lenzi kwa mara ya tatu.

"Weye Mamba," Honorine alisema kwa sauti ya kusikika hadi barabarani. "Tangu lini mamba anakaa mu kiti? Fasi ya mamba ni mu matope, tumbo chini. Toka pale. Leo basamaki njo bakubwa."

Washauri walitazama viatu vyao. Shavu la Musonda lilicheza. Kasirika sasa, uone mtaa wote utakavyokuimba mwaka mzima.

"Samaki weye," alijibu kwa shida, "siku moja nitakula na mifupa yako."

"Utakula. Lakini kwanza chutama hapa. Mwangaza unaanguka hapa, uliza fundi."

Musonda akamgeukia Kapya. Kapya alitikisa kichwa kukubali. Basi mwenyekiti alikitazama kiti, akautazama udongo, akalitazama jua, na kila mtu pale alimwona akipima. Kisha akanyanyuka, akaenda pembeni kulia, akachuchumaa. Suruali ya abacost haikushonwa kwa kazi hiyo. Ilipasuka nyuma kwa sauti ndefu, isiyo na haraka, na hakuna aliyecheka, si kwa adabu, ila kwa hofu.

Kiti cha katikati kikabaki kitupu. Picha ya kamati yenye kiti kitupu katikati ni matata, na kukikalia kiti cha mkubwa ni matata zaidi. Washauri walisukumana kwa viwiko, kila mmoja akimpa mwenzake heshima. Honorine hakungoja. Alikaa, akapanga mikono yote miwili juu ya kiti, akatanua magoti, akainua kidevu.

"Mama Bijou, shuka juu kidogo," Kapya alisema, na sasa sauti yake ilikuwa imara, maana alikuwa ndani ya kazi. "Chef, kichwa ku kushoto. Kidogo. Tena. Usipumue."

Akabonyeza.

Picha ilipotoka, hakuwa na hamu ya kuionyesha kwa mtu. Ilikuwa nzuri kuliko zote alizowahi kupiga. Shuka lilikuwa limeziamsha nyuso zote, hakuna aliyekuwa kivuli, na pale chini Musonda alichuchumaa, jasho kwenye paji la uso, na duara la mwanga limemzunguka kichwa pande zote bila kukatika. Kapya aliipeleka ofisini Jumapili asubuhi. Musonda aliishika kwa ncha za vidole.

"Njo miye," alisema. Hakuwa anauliza. Kisha aliongeza, "Acha niipeleke Kamalondo leo. Mama aone."

Kesho yake aliirudisha na kuitundika mwenyewe, na kwa mara ya kwanza akamsimulia Kapya jambo lisilo la ofisi. Macho ya mama yake yalikuwa yamebaki na kazi ya kutofautisha mchana na usiku. Aliisogeza picha hadi ikamgusa pua. Watu hakuwaona, kiti hakukiona. Aliona kitu cheupe cha mviringo chini pembeni, akauliza ni nini. Musonda akamjibu, "Njo miye, mama." Yule mzee akaweka kidole juu ya duara, akakiacha hapo.

Jumanne mkaguzi akaja, miwani myeusi, daftari kwapani. Kapya aliamriwa kusimama mlangoni na kamera shingoni, ingawa haikuwa na filamu, kwa ajili ya heshima. Mkaguzi aliitazama picha ukutani, akamwona Honorine akiingia na jagi la munkoyo, akaenda kumshika mkono kumpongeza kama mwenyekiti.

"Félicitations, citoyenne présidente. Mutaa ni safi."

Honorine, kwa uungwana, alimshukuru.

"Na huyu wa chini," mkaguzi aliendelea, akigonga kioo cha picha, "huyu mutumishi wenu, mulimumwangia maziwa?"

Mkaguzi aliinama kuitazama sura iliyo ndani ya duara, kisha akageuka polepole kuitazama sura ya Musonda aliyesimama mbele yake, na mambo yakaanza kumwingia. Alipoelewa, uso ulimbadilika. Alitaka kujua aliyepiga yuko wapi. Vidole vyote vikaelekea mlangoni.

"Ile mashine iko na ugonjwa," alisema. "Inaweka chef chini na muuza pombe juu. Muikamate. Na hii photo muichome."

Kapya alishika kamera kwa mikono miwili. Ndiyo basi, alijiambia, imekwisha, na aliona aibu kwamba alichokiwazia kwanza hakikuwa watoto, kilikuwa lenzi. Alimtazama Musonda kwa kuwa hakuwa na mwingine wa kumtazama. Na Musonda alikuwa na njia rahisi kabisa ya kutoka. Angesema fundi alimdanganya, angesema ni mashine, naye angebaki na kiti, na baiskeli ya ofisi, na nafasi ya kwanza kwenye foleni ya sukari. Kapya katika nafasi yake, na tuseme kweli, angesema hivyo.

"Citoyen," Musonda alisema, "mashine haina ugonjwa. Miye njo nilitaka afanye vile. Hakuna mutu alinisukuma. Nilichutama miye mwenyewe, na suruali ya Chama ikapasuka."

"Chini ya muuza lutuku?"

"Chini yake."

"Na kiti chako?"

"Kiti kilikuwa mu kivuli." Alinyoosha kidole kwenye picha. "Mama yangu hanione tena, sasa miaka tatu. Mu hii photo aliniona. Andika vile."

Mkaguzi aliandika. Aliandika ukurasa mzima, akageuza, akaendelea. Alipomaliza aliondoka bila kuonja munkoyo, na katika hasira yake akasahau kurudia neno la kamera. Musonda aliishusha picha ukutani, akaifunga kwa gazeti, akaiweka kwapani. Kapya alitaka kumshukuru, akaishia kumfungulia mlango wa ofisi yake mwenyewe.

Barua ya kumvua Musonda uenyekiti ilifika baada ya wiki mbili. Mwenyekiti mpya alikuwa mtu mwangalifu. Alimwita yule mpiga picha wa ng'ambo ya barabara, malaria yake ikiwa imepona na akiba yake ya filamu ikiwa bado ipo, na kamati ikapigwa mbele ya vyoo, macho yamekunjwa, viatu vyote vinaonekana. Honorine alirudishwa pembeni, na hakuna kilichomwangukia. Wateja wa Kapya hawakuongezeka. Albertine alisema alijua, akaendelea kuficha shuka.

Filamu zilipopatikana tena, ilikuwa Jumapili, mwezi wa nane. Kapya alisikia baiskeli nje. Ilikuwa ya kuazima. Musonda alikuwa anaikokota, amevaa shati la kawaida lililofunguka shingoni, na juu ya kiti cha nyuma alikaa mama yake, mwembamba, amejifunga kitenge cha kanisani, amemshika mwanawe bega. Musonda hakuuliza bei wala hakusalimia sana. Alimshusha mama, akamkalisha kwenye kiti katikati ya ua, akamnyoosha kitambaa cha kichwa. Kisha akazunguka kidogo, akiangalia jua liko upande gani, akachuchumaa chini bila kuambiwa, upande ulio sahihi kabisa.